Ukingo wa Kakakuona

Mama Fremu alikuwa na maringo, na maringo yenyewe aliyatolea jasho. Miaka thelathini na moja amekata kadibodi na vioo kwa rula ya chuma, na hakuna pembe ya fremu yake iliyowahi kuacha upenyo wa kupitisha unywele. Ukimwambia apime tena, anakuuliza kama wewe ndiye uliyemfundisha.

Ghorofa ya juu ya karakana yake alikaa Sista, muuguzi mstaafu, na Sista alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe: picha za wanyama wanaokaribia kutoweka duniani, zilizochapwa kwa rangi za kupiga kelele. Kifaru wa waridi kwenye manjano. Sokwe wa buluu, midomo myekundu, mistari minene kama ya katuni. Kila mnyama huchapwa nakala hamsini tu, kisha kiolezo kinavunjwa. Sita alishazipata, zote zikaja na fremu zake. Ya saba, kakakuona wa kijani, aliisubiri miaka miwili, nayo ikaja imeviringishwa ndani ya bomba la kadibodi.

"Dada, huyu ndiye wa mwisho," alisema, amelikumbatia bomba kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Sijathubutu hata kumfungua, nisije nikamkunja. Maelekezo nimekuandikia hapa, nawahi kliniki na haya magoti yangu. Usome vizuri, tafadhali."

Mama Fremu akaikodolea macho ile karatasi, juu mpaka chini, akaitikia kwa kichwa. "Nimeelewa. Nenda katibiwe magoti, usinifundishe kazi."

Hakuelewa hata neno. Jina lake analiandika, namba za rula anazijua. Mwandiko wa watu unamchanganya kama uzi uliofumuka.

Picha ilikuwa na ukingo mweupe mpana, na chini kabisa pamechorwachorwa kwa penseli. Kwake yeye penseli ni alama ya fundi: palipoguswa na penseli ndipo panapokatwa. Akalaza rula, akavuta kisu mara moja. Kakakuona akakaa ndani ya fremu barabara.

Mkwe wake alipoleta chai, akaiokota karatasi mezani. "Mama, mbona hapa pameandikwa ukingo usikatwe hata kidogo? Anasema namba na sahihi ya mchoraji ziko hapo. Hukukata, eti?"

"Wewe nawe! Chai yenyewe haina sukari, unakuja kunihoji."

Mkwe alipotoka, Mama Fremu akapiga magoti akapekua kapu la taka mpaka akaupata ule ukanda, mwembamba kama utepe. Akautia mfukoni mwa aproni. Uso ulimwaka moto, na mle ndani hakukuwa na wa kumwonea haya ila kakakuona.

Kesho yake asubuhi Sista akashuka upesi kadiri magoti yalivyomruhusu. Akaitazama picha, tabasamu likamkauka. "Namba iko wapi? Na sahihi?"

Jibu Mama Fremu alilala nalo: imekuja hivyohivyo. Badala ya kulitoa, akaushika mfuko wa aproni.

"Basi yule mchoraji kaniuzia ya bandia!" Sista akatoa simu. "Leo atanitambua. Nitamtangaza kwa kila mtu."

Simu ikaanza kuita. Ikaita tena.

"Weka simu chini, Sista. Ni mimi." Akautoa ukanda mfukoni, umejikunja kidogo.

"Si nilikuandikia, dada?"

"Uliniandikia."

"Sasa?"

Mama Fremu akaiangalia rula yake. "Sijui kusoma mwandiko. Nilikudanganya."

Sista akakaa kwenye kigoda, ukanda umelala kiganjani. "Na vikaratasi vyote nilivyokuwa nikikuandikia?"

"Mkwe ananisomea."

"Ungeniambia tu."

"Ningekuambiaje, na mdomo wote huu nilio nao?"

Sista alikaribia kucheka, hakucheka.

Fremu ikafunguliwa, ukanda ukawekwa mahali pake kwa ustadi wote alio nao, lakini mstari wa kisu unaonekana. Mama Fremu akialikwa chai huko juu, huchagua kiti kinachompa mgongo kakakuona. Na Sista hamwandikii tena. Humweleza kwa mdomo, polepole, kama anayemwelekeza mgonjwa dawa, na kwa upole mwingi. Mama Fremu angeona heri atukanwe.