Njia ya Kupitia Lambo

Mwalimu Joshua alikuwa na sheria moja katika matembezi yake ya historia: mkifika mahali, mambo ya mahali hapo yasimuliwe tangu zamani hadi leo bila kuruka. "Ukiruka, umedanganya," aliwaambia wanakisomo wake wa Kinampanda, watu wazima wenye wajukuu, nao wakaitikia kwa vichwa kama watoto wa darasa la pili. Kila Jumamosi ya matembezi aliwapitisha kanisa la zamani, kwenye mahame ya watu waliohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na ghala la ushirika. Kuna mwaka walikodi basi dogo wakaenda hadi Mkalama kuona boma la Wajerumani. Mzee Gaspari, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, alilizunguka lote, kisha akasema nyumba kubwa namna hii na hawakuweka hata benchi la wageni. Walicheka njia nzima ya kurudi.

Lambo nalo lilikuwa kwenye njia hiyo. Lilikuwa, mpaka mwaka jana mwezi wa tatu, pale Michael, mtoto wa kwanza wa Joshua, alipoingia majini kumtoa ndama aliyenasa kwenye tope. Ndama alitoka. Tangu hapo matembezi yakifika mahameni yanakata katikati ya mashamba ya watu hadi ghalani, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Joshua hakulia msibani. Watu walimsifu, wakasema mwanaume amejikaza. Uongo mtupu, hakukuwa na kitu cha kukaza. Mikono ilikuja, akaishika: pole Mwalimu, ahsante, pole, ahsante. Baada ya matanga alirudi kufundisha, akala alichopakuliwa, akalala usingizi mzito. Ndama yule sasa ni mtamba, na kila asubuhi Joshua humtoa zizini kwa kofi la kiunoni kama ng'ombe wengine. Alingoja siku atakayomchukia. Chuki haikuja. Alikuwa amekufa ganzi, basi, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu huamka.

Majirani nao, kwa wema wao, na wema wa majirani una maudhi yake, walimhamisha mke wake jina. Jesca aliyeitwa Mama Michael kwa miaka kumi na mmoja akawa Mama Pendo, kwa jina la binti yao mdogo, ili asikumbushwe. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kukumbushwa. Joshua aliitikia Baba Pendo bila ubishi, na nyumbani kwao jina la mtoto halikutajwa tena. Jesca, aliyeishia darasa la nne, akajiunga na kisomo cha mumewe ili Jumamosi zisimkute peke yake na kuta za nyumba.

Asubuhi moja ya matembezi, mwezi wa saba, alimmiminia mumewe chai akasema, "Leo tupitie lambo."

"Njia ina matope," Joshua alijibu.

"Mwezi wa saba? Matope ya wapi, Baba Pendo?"

Joshua akapuliza chai ambayo haikuwa ya moto.

"Nimechoka kumbeba huyu mtoto peke yangu," Jesca alisema, wala hakupandisha sauti. "Nataka atajwe mbele za watu, na umtaje wewe. Ukishindwa leo, naenda kwa mama yangu, kule Kiomboi, na sijui kama nitarudi. Sikutishi. Nakwambia nilipofika."

Mwanaume mwingine angeshtuka. Joshua alijua kwamba angepaswa kushtuka. Aliosha kikombe chake, akakifunika, akachukua kofia.

Wanakisomo walikuwa wanangoja mbele ya kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu wangu," Mzee Gaspari alijibu akicheka, maana hakuchoka kufurahia kuamkiwa na mwalimu wake.

Wakaenda. Mahameni, minyaa ya nyua za zamani bado ilikuwa imesimama mistari mistari, na Joshua alieleza nani aliishi wapi, nani alihamishwa na nani alirudi. Walipofika njia panda, miguu yake ikaelekea mashambani yenyewe. Nyuma yake nyayo zikakoma. Aligeuka. Jesca alikuwa amenyoosha mkono, kama anavyonyoosha darasani.

"Mwalimu, kule si kuna lambo?"

Mzee Gaspari akaanza kuzichunguza kandambili zake. Mama mmoja akakohoa. Mkono wa Jesca haukushuka.

"Lipo," Joshua alisema, akageuza njia.

Maji yalikuwa yamepungua, na kingo zimepasukapasuka. Joshua alisimama juu ya tuta akaanza. Wakati wa Mwingereza watu walichimba lambo hili kwa majembe, na wanawake wakabeba udongo kwa vikapu. Wakati wa vijiji likanywesha mifugo ya waliohamia. Mwaka wa mvua za Elnino tuta lilibomoka, watu wakalijenga upya.

"Mwaka jana, mwezi wa tatu," akaendelea kwa sauti ileile, "alizama hapa Michael Joshua, miaka kumi na mmoja, mwanafunzi wa darasa la tano. Mwanangu. Hapo ndipo tulipofika."

Alingoja kitu kimpate. Hakikumpata. Akashika njia ya kushuka, akidhani deni lake limekwisha. Lakini mkono ulikuwa juu tena.

"Mwalimu, sijaelewa," Jesca alisema. "Umetueleza alivyokufa. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Joshua alifungua mdomo aseme yale yanayosomwa makaburini: mtiifu, mpole, mpenda masomo. Yalikuwa yamejipanga tayari. Yakatoka mengine.

"Alikuwa anaogopa bata mzinga."

"Eti?" Mzee Gaspari aliuliza.

"Bata mzinga wa mchungaji. Ng'ombe wenye pembe hivi anawachapa, lakini bata akimgeukia, anatupa fimbo anapanda mti. Siku moja alikaa juu mpaka ibada ikaisha. Nikaenda kumshusha mimi, na tai yangu shingoni. Akaning'ang'ania mgongoni, akaninong'oneza, 'Baba, usikimbie. Ukikimbia atajua tunamwogopa.'"

Mzee Gaspari alipasuka kicheko, akajiziba mdomo kwa aibu. Amechelewa, Jesca alikuwa anacheka tayari, machozi yakimtiririka, na kundi zima likacheka naye. Joshua pia akacheka, na katikati ya kicheko akausikia mgongoni uzito wa yule mtoto, na vidole vyake vikimvuta tai. Ikamuuma. Ilimuuma mabegani, kifuani, hadi akakaa chini kwenye vumbi mbele ya wanafunzi wake akalia kwa sauti.

Jesca akashusha mkono, akaja akakaa karibu yake.

"Endelea," alimwambia. "Bata akafanya nini?"