Kengele Waliyoiita Folti

Mtu aliyeokoa maisha yangu hakuwa ananitafuta mimi.

Alipofungua mlango, macho yake yalinipita begani, yakaanza kumtafuta mtu mwingine nyuma yangu. Na mule ndani nilikuwa peke yangu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hii ukiirukia katikati utaniona mwongo.

Nilikuwa mpakiaji kwenye ghala la kuku na samaki wa kugandisha. Wenzangu waliniita Mrefu, na sababu mnaijua bila kuniona.

Pale ghalani tulikuwa na neno moja la Kiingereza ambalo lilishapata uraia: folti. Mzani ukimpima kuku uzito wa mbuzi, folti. Bomba likitapika kutu, folti. Msimamizi akinuniwa na mkewe, anafika kazini anatuambia nyumbani kuna folti.

Na kitu kikishaitwa folti, basi. Hakuna anayenyanyuka kwenda kukitazama.

Folti kubwa kuliko zote ilikuwa kengele ya chumba cha baridi. Ndani ya chumba kulikuwa na kitufe, ili mtu akifungiwa abonyeze, kengele ilie nje karibu na mzani. Sasa hiyo kengele ilikuwa inajililia yenyewe. Kila mchana, watu wakishakula na usingizi ukianza kuwanyemelea, inatoa mlio mmoja mrefu, halafu kimya.

Siku yangu ya kwanza nilishtuka nikataka kukimbilia mlangoni.

"Kaa chini," msimamizi akaniambia. "Folti hiyo."

Aliyenyanyuka alikuwa mmoja tu, mama mmoja mtu mzima aliyeosha makreti. Tulimwita Mama Makreti. Akaacha maji yanamwagika, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kuufungua ule mlango mzito. Akachungulia ndani. Nikamsikia akisema taratibu, "Nipo."

Kisha akafunga, akarudi kwenye makreti yake.

Ikawa hivyo kila siku. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, msinione malaika. Nilisema kwenye kichwa cha Mama ndiko kwenye folti yenyewe.

Kitasa cha ndani nacho kilikuwa kimeng'oka zamani. Folti. Kwa hiyo ukiingia, unauzuia mlango kwa kreti ili usijifunge. Utaratibu wetu ulikuwa huo, na tuliuona wa maana kabisa.

Siku hiyo nikaweka kreti, nikaingia hadi mwisho kabisa wa chumba kupanga maboksi ya samaki.

Nikasikia mlango, *puu*.

Msimamizi alikuwa anapita, akaona mlango wazi, akaona baridi linapotea bure. Akasukuma kreti kwa mguu, akafunga. Hakuita, hakuuliza kama kuna mtu.

Mwanzoni sikuogopa. Kitufe si kipo? Nikabonyeza mara mbili harakaharaka. Nikategea sikio. Kimya.

Nikabonyeza tena. Nikapiga mlango kwa ngumi, kwa bega, kwa kiatu. Mlango ule ni mnene, hata ungepiga kelele hadi koo lichanike, nje hawasikii kitu.

Ndipo liliponijia jambo lililoninyong'onyeza kuliko baridi lenyewe. Hata kama kengele inalia huko nje, nani atakuja? Niliwaona kabisa akilini, wamekaa, wanachokonoa meno. "Folti hiyo."

Ningekuwa mimi, na mimi ningesema hivyo hivyo.

Vidole vikafa ganzi. Nikatembea, nikaruka, nikamwita mama yangu mzazi. Kisha usingizi mtamu ukaanza kunibembeleza, nikakaa chini juu ya boksi. Nilijua kabisa kwamba nakufa, na sikuwa na nguvu ya kukataa.

Mlango ukafunguka.

"Nipo," akasema Mama Makreti.

Akatazama nyuma yangu kwanza, kwa muda, kama nilivyowaambia. Halafu ndiyo akaniona mimi. Akanivuta nje, akanifunika kwa khanga yake, akanisugua mikono huku machozi yakimtoka.

"Asante kwa kuisikia kengele, Mama," nikamwambia meno yakigongana.

"Kengele gani, mwanangu? Leo haikulia."

Msimamizi alikuwa amesimama pale, uso umempauka. Akaenda ofisini, akavuta droo, akatoa kengele imeviringishwa kwenye kitambaa. Asubuhi ile alikuwa ameing'oa ukutani. Alichoka na kelele.

"Sasa ulijuaje?" akamuuliza Mama.

"Siku zote ananiita muda ule. Leo hakuniita. Nikaogopa."

Hakuna aliyecheka.

Baadaye ndiyo alinieleza. Mumewe alikuwa mpakiaji hapo hapo, kazi kama yangu. Alifungiwa. Alibonyeza, na kengele ililia, wote wakaisikia, naye Mama akiwamo, anaosha makreti. Wakamwambia aendelee na kazi, ni folti. Akaendelea.

"Ndiyo maana siondoki hapa," akasema. "Akiita, niwepo."

Nililia tu.

Kesho yake akaletwa fundi umeme. Akaweka kitasa kipya, kitufe kipya, kengele akairudisha ukutani. Akatuonyesha waya wa zamani: mashine ikiyeyusha barafu yake mchana, maji yalipenya kwenye kitufe, kengele ikalia. Basi. Hakuna mzimu.

Mchana ule kengele haikulia. Mama alikaa ameshika kreti, anasikiliza. Maji yakapita, yakapita.

"Mmemnyamazisha," akasema, akainama.

Sikuweza kuvumilia kumwona vile. Siku iliyofuata, muda ule ule, nikajipenyeza kwenye chumba cha baridi, nikabonyeza, nikawahi kutoka na kujibanza nyuma ya maboksi. Akaja. "Nipo." Rangi ikamrudia usoni. Nikaifanya iwe kazi yangu ya kila mchana, na sikumwambia hata mke wangu.

Halafu nikaugua homa, nikalala nyumbani. Jioni msimamizi akanipigia.

"Mrefu, yule fundi katuibia. Folti imerudi, leo imelia."

"Nani alikuwa ndani?"

"Hakuna mtu. Nimeingia mwenyewe na Mama. Kitufe kikavu kabisa."

Niliporudi kazini nilimfuata Mama kwenye makreti. Nikataka kumdanganya kwamba nilimtuma mtu abonyeze. Hakunipa nafasi.

"Najua ni wewe siku zote," akaniambia, mikono bado iko kwenye povu. "Wewe unabonyeza mara mbili, kama mtu mwenye haraka. Nilikuwa nakuja kwa sababu umenihurumia, nami nisikuvunje moyo."

"Na juzi?"

Akatabasamu.

"Juzi ilikuwa mara moja. Ndefu."

Niliacha kubonyeza. Ila nilimwomba msimamizi anihamishie meza ya kufungia mizigo, ile iliyo karibu na mlango. Kengele ikilia tunanyanyuka wawili.

Somo langu ni fupi. Kitu kikilia, nenda ukafungue kwanza. Jina utakipa ukisharudi.