Kibuyu cha Kapuri Hakikunjuki

"Nipe kibuyu cha mwanangu!"

"Mama, nina kipindi sasa hivi, na—"

"Kipindi gani? Miaka miwili una kipindi!"

"Mama, watoto wanasikia."

"Wasikie! Wajue mwalimu wao anafundishia chombo cha marehemu!"

Hapa ni mlangoni mwa darasa la tano, shule moja karibu na Paga, kaskazini mwa Ghana. Mwalimu Atudiwe amekumbatia nusu ya kibuyu kama mtu aliyefumaniwa na kuku wa jirani. Anayekivuta upande wa pili ni mama mkwe wake, Bibi Kachana, mchora kuta ambaye hata wanaomchukia humwita akawapambie nyumba.

Kibuyu kilikuwa cha Kapuri, mke wa mwalimu. Alikuwa akikinywea pombe ya mtama. Kwetu Wakasena mwanamke akifa, kibuyu chake huvunjwa, ndipo msiba unaisha. Cha Kapuri bado kizima. Kinafundisha nusu tufe kwenye somo la maumbo.

"Sina kifaa kingine," mwalimu ananiambia mimi niliyekuja kuandika habari zake.

Namkumbusha kwamba sokoni vibuyu vimejaa mpaka mbuzi wanavikanyaga. Anakikumbatia zaidi.

Baada ya mazishi alihama nyumba ya pembe nne, ya watu wenye wake, akaingia kijumba cha duara, kama kijana ambaye hajaoa. Anajisongea ugali mwenyewe.

"Kupika siyo shida," anasema. "Shida ni ukoko. Kapuri ndiye aliyekuwa anakula ukoko. Sasa unabaki kwenye sufuria, tunatazamana."

Bibi Kachana amechoka kuvuta. Anaingia darasani, anajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakimfika kifuani.

"Haya, fundisha. Ukimaliza naondoka nacho."

Mwalimu anashika chaki. "Mche duara unafanana na nini?"

"Nyumba yako, mwalimu!" darasa zima linajibu, na kicheko juu.

Mwalimu naye anacheka, ila amechelewa kidogo.

"Na paa lake?"

"Pia!"

"Pia nini?"

"Pia tu, mwalimu! Lile umbo lenye ncha!"

Anakifudikiza kibuyu mezani, anakichora ubaoni. Ukingo wa mbele anauchora mstari mzima. Wa nyuma anauchora vipande vipande.

"We, mkono unatetemeka?" Bibi Kachana anapaza sauti kutoka nyuma. "Mstari gani huo umeliwa na mchwa? Kwenye ukuta wangu ningekuchapa!"

Watoto wanaziba midomo.

"Huo ni upande wa nyuma, mama. Ukikaa hapo ulipo huuoni. Lakini upo."

Bibi ananyoosha shingo, anautazama tena mstari.

Mwalimu anachukua boksi la sabuni, analikunjua hadi linalala bapa. Anafanya hivyo hivyo kwa karatasi aliyoiviringisha ikawa mche duara. Watoto wanachora, ndimi nje. Halafu Katiga, msichana wa mstari wa mbele, ananyoosha mkono.

"Mwalimu, na kibuyu? Tukikunjue na chenyewe kilale?"

"Hakikunjuki."

"Hata kidogo?"

Mwalimu anakitazama kibuyu. Nje mtu anatwanga, na kila pigo la mchi linasikika.

"Hata kidogo," anasema. "Mpaka kivunjwe."

Anakiinua, anakifuta vumbi la chaki kwa mkono wa shati, ndani na nje, kisha ndani tena. Anatembea mpaka dawati la nyuma na kumkabidhi mama mkwe wake kwa mikono miwili.

Bibi anakipokea, anajinasua kwenye dawati na kutoka bila kuaga.

Namuuliza mwalimu sasa anatarajia nini. Anafikiri kidogo.

"Nataka hawa watoto waweze kuchora kitu wasichokiona," anasema. "Na leo jioni nitaula huo ukoko mwenyewe."

Kabla sijaandika, mlango unaingia giza. Bibi Kachana amerudi, kibuyu kwapani.

"Kesho nakuja na rangi," anamwambia mwalimu. "Hicho kijumba chako kiko uchi kama kichwa kilichonyolewa. Aibu hiyo naibeba mimi."

"Asante sana, mama, lakini—"

"Nyamaza." Anapita katikati ya madawati hadi ubaoni, ananyoosha kiganja. "Nipe chaki. Nifundishe ule mstari wa upande wa nyuma."