Jina la Ngamia

Mimi ndiye niliyempa jina la Ngamia. Tulikuwa mafundi wa kuezeka mabati, na yeye aliweza kukaa juu ya paa tangu asubuhi hadi alasiri bila kugusa maji. Dumu letu lilikaa chini, kwenye kivuli cha ukuta. Sisi wengine tulishuka ngazi kila mara kwenda kunywa, naye akatucheka. Jina lilimpa kichwa, nasi tukazidi kummwagia sifa.

Siku ile jua lilikuwa kali, mabati hayashikiki. Saa nane mchana sote tulikuwa tumelowa jasho chapachapa, lakini shati lake lilikuwa kavu. Nikapaza sauti: "Mwoneni Ngamia! Hata jasho halimtoki!"

Wakacheka. Kumbe jasho lilikuwa limemwishia. Nyundo ilimponyoka, akaanza kumwita marehemu mama yake, kisha akajilaza juu ya bati la moto kama mtu aliyefika kitandani. Tulimshusha kwa kamba. Hospitali hatukumfikisha akiwa hai.

Siku hizi dumu nalipandisha paani mwenyewe, na asiyekunywa namfokea mpaka anywe. Wananiita mkorofi. Na waniite.

Wiki iliyopita nilikwenda kumjulia hali mjane wake. Akanimiminia maji, akaniuliza, "Shemeji, hivi ni nani aliyembandika mume wangu jina lile?"

Nilikunywa glasi nzima, polepole, ili nisijibu. Akanijazia tena, akangoja.