Ukurasa wa 212 wa Daftari la Nshamba

Alistidia Kyaruzi amefanya kazi maktabani Bukoba miaka ishirini na saba, na kwa muda mrefu ilikuwa kazi isiyomtisha mtu. Alibandika namba migongoni mwa vitabu, akawanyamazisha wanafunzi, akaanika magazeti yaliyolowa mvua ya Aprili. Kisha maktaba ikapatana na makumbusho. Makumbusho yalikuwa na madaftari ya mabaraza ya enzi za uchifu, yaliyoanza kuliwa na mchwa pembeni. Maktaba ilikuwa na skana, na ilikuwa na Alistidia, ambaye babu yake mwinjilisti wa Kilutheri alimfundisha kusoma mwandiko wa makarani wa zamani: Kihaya chenye herufi za mikia mirefu, ambacho vijana wakikitazama huona mistari tu.

Utaratibu ulikuwa mzuri. Makumbusho walihesabu kurasa kabla ya kuzileta. Alistidia alizipiga picha moja moja na kuandika faharasa: kijiji, ukoo, majina, shauri lilihusu nini. Kila Ijumaa Elikana wa makumbusho alikuja kulinganisha picha na daftari. Kilichopita mikono yote miwili kilipandishwa mtandaoni, na mtu yeyote mwenye simu angeweza kukitafuta.

Nimekaa katika vyumba vya namna hii katika nchi kadhaa. Kwingine wanaokuja ni wasomi. Bukoba walikuja wazee wenye makoti, kutoka Maruku, kutoka Kimwani, na hawakuuliza habari za historia. Waliuliza, "Mmefika ukoo gani?" Wakijibiwa, walikaa kusubiri kwenye viti vya wanafunzi, mikono juu ya bakora.

Mmoja wao alikuwa Kashaija, mzee wa ukoo wa Josia, marehemu mume wa Alistidia. Kashaija na Josia walikuwa wajukuu wa mtu mmoja, Mwijage wa Nshamba.

"Mukamwana," alimwita, maana kwa wazee wa ukoo Alistidia ni mke wa mtoto wao. "Nshamba mmeifikia?"

"Shikamoo, waitu," alijibu kwa neno la Kihaya la kumheshimu mzee. "Bado. Tuko Kimwani."

"Marahaba. Msikimbie. Sisi wazee hatukimbilii kitu, isipokuwa senene."

Chumba kizima kilicheka. Alistidia naye alicheka, kwa sababu ingeonekana vibaya asipocheka.

Alijua mzee anasubiri nini. Josia hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mabinti wawili, na wosia kwamba kibanja cha Nshamba, migomba, kahawa, nyumba na kaburi lake mwenyewe, abaki nacho binti mkubwa, Jenifa. Kibanja cha ukoo hakitoki nje ya ukoo. Wazee walinung'unika, lakini waliusaini wosia ule: Josia alikuwa damu yao, na mtu wa ukoo ana haki ya kusema neno juu ya ardhi yake.

Ukurasa wa 212 aliufikia Jumanne. Shauri lilikuwa la mwaka 1946. Mtu wa ukoo mwingine alikuwa amemshtaki Mwijage akidai mtoto wa miaka minne, kwa bisisi.

Lugha nyingi zina jina la mtoto wa nje ya ndoa. Bisisi ni kitu kingine. Zamani, mwanamke akishajifungua, mwanamume wa kwanza kulala naye baada ya uzazi ule ndiye aliyehesabiwa baba wa mtoto atakayefuata, hata kama aliondoka asubuhi yake na asionekane tena. Mlalamikaji alithibitisha usiku wake. Baraza likampa mtoto. Jina la mtoto lilikuwa Rugambwa, na Rugambwa ndiye aliyemzaa Josia; kwa hukumu ile, Josia hakuwa mtu wa ukoo wa Mwijage.

Alistidia aliijua sehemu isiyokuwa daftarini. Mkwewe alimsimulia kabla ya kufa: Mwijage alipeleka mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, kwa yule aliyeshinda, wakanywa siku nzima, na mtoto akabaki Nshamba. Baraza liliandika ugomvi. Waliopatana nyumbani hawakuita karani.

Kuruka ukurasa hakuweza, maana ulikwishahesabiwa. Akaupiga picha. Kwenye faharasa akaandika, "Shauri la mtoto, Nshamba." Nafasi ya majina akaiacha wazi, akafungua ukurasa wa 213.

Ijumaa Elikana alikuja akiwa mchangamfu kama kawaida.

"Mama Jenifa, umeanza kuzeeka? Mia mbili kumi na mbili huna majina!"

"Wino umefifia."

"Nimeongeza mwanga kwenye kompyuta, umekuja safi kabisa. Mwandiko siuwezi, lakini majina yana herufi kubwa. Mwijage, Rugambwa. Nimekujazia, imeshapanda."

Alistidia alikaa chini. "Elikana, andika hapo kwamba baadaye walipatana."

"Ni ukurasa gani?"

"Haikuandikwa."

"Sasa, mama," alisema kwa upole, "mimi nitaitoa wapi?"

Jumatatu Kashaija hakuja peke yake. Alikuwa na mpwa wake Kagaruki, aliyesomea sheria, na ukurasa ulikuwa tayari kwenye simu.

"Jina tumeliona," alisema mzee. "Mwandiko umetushinda. Tusomee, mukamwana."

Alistidia aliutazama mstari wa kwanza. Mle chumbani hakuna ambaye angejua kama anasoma kilichoandikwa au anatunga. Kagaruki akaweka simu ya pili mezani, inarekodi.

"Polepole, mama. Kuna mzee Maruku anayeujua mwandiko huu pia. Tutampelekea sauti yako pamoja na picha."

Akausoma wote, kwa Kihaya, mpaka muhuri wa baraza. Kisha akawasimulia habari ya mtungi wa rubisi.

Kashaija alisikiliza mpaka mwisho. "Nani alikuwapo wakinywa?"

"Wamekufa wote, waitu."

"Basi." Aliinuka, akakung'uta koti. "Wakola muno kwa kutusomea. Jumamosi tutakuja Nshamba, ukoo mzima. Usijisumbue kupika. Mwambie tu Jenifa asiichume ile kahawa mpaka tufike."