Upande wa Ukuta

Zamani mtu akiitwa, aliitika. Hakuuliza nani wala nini. Mwanamume alisema naam, mwanamke alisema abee au labeka, na miguu ilishaanza safari kabla mdomo haujafunga. Siku hizi ukimwita mtu anakujibu "nini?" macho yakiwa kwenye simu, na ukimkanya anaona umemwonea.

Katika ua ule wa vyumba vya kupanga, aliyebaki na neno la zamani alikuwa mmoja tu, mjane aliyekuwa dobi, ndiyo maana wakamwita Mama Labeka. Wachache walimwita hivyo kwa heshima, wengi kwa dhihaka. Watoto walijificha nyuma ya pipa la maji, wakaiga sauti ya mtu mzima na kumwita, ili tu wamwone akiacha nguo za watu kwenye beseni na kutoka, povu mpaka viwikoni, akimtafuta mwenye shida. Alijua wanamchezea. Aliitika vilevile.

Neno alilipata kwa mama yake. Maana yake aliipata kwa mwinjilisti mzee aliyewafundisha kipaimara, mtu ambaye viatu vyake vilikuwa na viraka vingi kuliko ngozi. Aliwasimulia habari za yule mtoto aliyelala hekaluni, akasikia anaitwa, akaamka mbio kwenda kwa kuhani. "Mungu haji na sauti yake," mwinjilisti alikuwa akisema. "Anaazima. Leo ataazima ya mgonjwa, kesho ya mtu usiyempenda. Wewe itika kwanza. Mengine utayajua ukifika."

Naye, binti wakati huo, akaitika, na hakuacha kuitika. Aliosha maiti za wanawake wasio na ndugu. Alifua vitambaa vya meza ya Bwana, akavitia bluu na kuvipiga pasi, akavirudisha bila mtu kujua vilitoka lini. Alikaa na wenye homa. Kazi hizo hazikuwa na jina wala kiongozi, na mzee yule alipozikwa, waumini walilia kama watoto waliofiwa na baba. Kanisa la namna hiyo halipo tena. Lililopo lina vipaza sauti.

Chumba kilichotazamana na cha dobi kilikuwa cha fundi cherehani. Kiharusi kilimpiga upande mmoja akiwa katikati ya kushona suruali, na suruali ile ilibaki chini ya sindano mpaka mwenyewe alipokuja kuichukua ikiwa na mguu mmoja. Mkewe alishatangulia. Wanawe walikuwa mbali, nao walimpenda kwa simu. Muuguzi wa zahanati alimwambia dobi: huyu asipogeuzwa, mgongo utaoza. Basi akawa anamwosha asubuhi kwa maji ya uvuguvugu, anamkunjia kanga chini ya visigino, anamlaza ubavu mmoja akitazama ukuta. Jua likifika kizingitini, anamgeuzia mlangoni. Hivyo hivyo mpaka jioni.

"Taratibu, dobi. Usinikamue."

"Ningekukamua, fundi, ungeshakauka zamani."

"Basi nianike. Upande huu umeshapigwa pasi."

Akitaka kitu, fundi aligonga chuma cha kitanda kwa mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. Ua mzima uliijua sauti ile. Kang! Na kutoka kwenye mabeseni: "Labeka!"

Siku moja, dobi akimfunga vifungo vya shati, fundi alimwambia, "Nikuombe jambo, dada yangu. Nisife nikitazama ukuta."

"Nani amekuambia unakufa?"

"Sikiliza. Maisha yangu yote nimeshona barazani, watu wanapita mbele yangu. Huyu kanenepa, yule kavaa kitambaa nilichokata mimi. Huu ukuta nimeshausoma wote, hauna habari. Nataka siku hiyo nione mtu anapita."

"Labeka," akasema yeye.

"Sijakuita."

"Najua. Nimeitika."

Wakati huo kanisani alishakuja mchungaji mpya, na pamoja naye Kitengo cha Huduma. Walishona fulana zenye maneno mgongoni: NIMEITIKIA WITO. Zilivaliwa siku ya kutembelea wagonjwa, na mgonjwa aliinuliwa kidogo kwenye mto ili aonekane vizuri pichani. Aliyekiongoza alikuwa Mama Mwenyekiti. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, mwenye moyo wa kutoa, ila aliamini kwamba jambo lisilopangwa na yeye halijafanyika.

Asubuhi moja dobi alikuwa ametoka kumwosha fundi na kumlaza upande wa ukuta, beseni la maji machafu bado lipo mkononi, sauti ya Mama Mwenyekiti ikamfikia kutoka getini.

"Mama Labeka!"

"Labeka!"

"Vaa vizuri twende. Leo ni semina ya watumishi, na mchungaji anataka ukae mbele. Wewe ndiye mfano wetu."

Dobi akatazama mlango wa fundi. "Itabidi nirudi mchana nimgeuze."

"Tumeshampangia watu, mama yangu. Kina mama wawili watakuja. Umebeba peke yako mno. Kwani hii huduma ni ya kwako wewe tu?"

Hapo ndipo alipokwama. Moyo ulimwambia abaki. Lakini alishaitika, na alivyolelewa yeye, aliyesema labeka harudi nyuma kusema hapana. Neno hutoka kwanza, haja huja baadaye, na ukishalitoa umejitoa. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa nguvu yake. Hakuna aliyewahi kumwonya kwamba mlango usio na komeo huingiza kila mtu.

Alisimama kwenye mlango wa fundi. "Naenda semina. Watakuja wa kukugeuza."

"Kina nani?" Sauti ilitokea ukutani.

"Kina mama wa kitengo."

"Wana mikono hao?"

"Wana fulana."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Lakini urudi, dada yangu."

Semina ilikuwa ya siku nzima, na somo lilikuwa wito. Mchungaji alimpandisha dobi jukwaani, akamtaka aseme neno lake kwenye kipaza sauti. Akasema. Watu wakapiga makofi. Akaambiwa arudie ili walio nyuma nao wasikie, akarudia, na mara ile ya pili neno lilisikika masikioni mwake kama la kasuku. Akavishwa fulana juu ya nguo yake.

Mchana alinyanyuka kwenye kiti. Mama Mwenyekiti akamshika bega, akamkalisha polepole kama mtu anavyomkalisha mgeni.

"Kaa, mama. Wameshakwenda."

Hawakuwa wamekwenda. Ujumbe uliwekwa kwenye kundi la simu, na chini yake kila mtu akaweka picha ya mikono iliyoshikana. Kati ya wale wawili, mmoja alijua mwenzake yuko njiani, na mwenzake alijua hivyo hivyo. Mungu akipenda nao wataulizwa.

Dobi alirudi jua likielekea kuzama. Muuza mkaa, jirani yao, alikuwa kwenye kigoda chake getini, anapanga makopo.

"Mzee wako leo amegonga," akasema. "Amegonga kweli, mpaka tukachoka."

"Mkaenda kumwona?"

"Sisi? Si alikuwa anakuita wewe."

Muuza mkaa akaona uso wake, akaacha makopo. "Tulijua utaitika tu, mama. Siku zote unaitika."

Fundi alikuwa ametazama ukuta. Mkasi ulikuwa sakafuni. Rangi ya chuma cha kitanda ilikuwa imebanduka pale alipogonga, na ukutani, usawa wa mdomo wake, palikuwa na doa la unyevu wa pumzi lililokwisha kukauka. Maana yake alikuwa amegonga na kungoja, amegonga na kungoja, muda mrefu wa mchana ule, ua mzima ukimsikia. Wote walisikia. Hakuna aliyejiona ameitwa.

Kabla hajamwita mtu yeyote, dobi alimgeuza. Ilikuwa kazi, maana mwili ulishaanza kukaza. Akamwekea kanga chini ya visigino, kwa mazoea tu, akamwelekeza mlangoni. Kisha akatoka nje, akapita mbele ya mlango ule. Akarudi, akapita tena. Muuza mkaa alimwona akienda na kurudi, fulana ile mpya mwilini, akadhani mama wa watu amerukwa na akili.

Mazishi yalikuwa mazuri, kama yanavyokuwa siku hizi. Kitengo kiliimba. Mchungaji alisema Bwana amemwita fundi, naye ameitikia. Dobi alisikiliza akamkumbuka yule mtoto wa hekaluni. Sehemu hiyo mwinjilisti aliipitia haraka, au wao walikuwa wadogo hawakuitilia maanani: mtoto alimkimbilia mtu ambaye siye. Mara ya kwanza siye, ya pili siye. Lakini kuhani yule, pamoja na udhaifu wake wote, alisema kweli: sikukuita mimi, rudi ukalale. Yeye dobi hakupata mtu wa kumwambia, sikukuita mimi, rudi kwa mgonjwa wako. Kila aliyemkimbilia alisema ndiyo, ni mimi, kaa hapa mbele.

Alijaribu kusali. Alipiga magoti kati ya mabeseni, akaliita jina alilolitumikia tangu ubinti, akangoja. Akaita tena. Aliujua kwa mara ya kwanza upande ule mwingine wa neno lake, upande wa anayegonga. Ua ulikuwa umetulia. Bomba lilikuwa linadondosha maji.

Mwenye nyumba alipopangisha chumba cha fundi, alipaka chokaa ukuta wote. Cherehani walikuja kuichukua wanawe. Mkasi hakuna aliyeuulizia, dobi akauweka dirishani kwake.

Watoto waliendelea kumwita kutoka nyuma ya pipa, wakachoka, maana mchezo hauna raha usipojibiwa.

Mama Mwenyekiti alikuja baada ya mvua kubwa, akasimama getini na mwavuli wake.

"Mama Labeka!"

Dobi alikuwa anasuuza shuka. Aliendelea kusuuza.

"Mama Labeka! Upo?"

Akalikunja shuka mara mbili, akaanza kulikamua kwa mikono yote miwili mpaka likawa gumu kama kamba. Mama Mwenyekiti akaita mara ya tatu.

"Nini?" akasema dobi, bila kuinua macho.

Mama Mwenyekiti akacheka kidogo, akaona ni mzaha. Kisha akaingia uani, akikwepa madimbwi, akaanza kumweleza habari za semina nyingine.