Goti la Mkwe wa Esteri

Mama Esteri wa kijiji cha Nyakitonto hakujua kutulia. Hata kanisani alikalia ncha ya benchi, kana kwamba Mungu angeondoka kabla yeye hajamaliza mashitaka. Kazi yake, ambayo hakuna aliyempa, ilikuwa kukagua magoti. Kwa Waha, mwanamke akikutana na aliyemzidi umri hupiga goti, hupiga makofi taratibu, husema "Mwakeye", ndipo dunia iendelee. Goti la nusunusu Esteri alilitangaza mpaka kilabuni.

Mwaka 2013 ikawa zamu ya nyumba yake. Evaline, mke wa mwanawe Anatoli, binti wa kijiji cha Mabamba, akaanza kusalimia wima kama mlingoti wa shule. Alisema mgongo unauma, miguu imekaza kama magogo. Esteri akasema kiburi nacho kina maumivu yake. Anatoli, dume la kutisha mbele ya mbuzi, akakubali mkewe arudishwe kwao. Ila Esteri hakutaka watu wa Mabamba waseme amefukuza mgonjwa. Akampeleka kwanza hospitali, Kasulu, daktari athibitishe kwamba huyu ni mzima, hana adabu tu.

Daktari Shamsi, kijana wa Tanga, alimketisha Evaline kitandani miguu ikining'inia, akamgonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka, nusura uondoke na miwani yake. Wa pili vilevile. Akausukuma wayo juu kwa ghafla, nao ukabaki unadundadunda wenyewe kama cherehani. Kisha akakwaruza unyayo kwa ncha ya ufunguo. Kidole gumba kikainuka polepole, kikatazama dari.

"Umeona?" Esteri alisema. "Nguvu anazo. Mpaka za kumpiga teke daktari."

Shamsi akaeleza kwamba mguu mzima huruka kidogo ukanyamaza, na gumba la mtu mzima hukunjika chini. Mguu huu ulikuwa umekosa msimamizi: amri ya ubongo inakwama njiani, mgongoni. Akapapasa uti wa mgongo, akakuta kinundu.

Esteri, ambaye hakuwahi kuamini kitu asichokikagua, akavua kandambili. "Nikwaruze na mimi."

Gumba lake likakunjika chini kwa heshima zote. Alilitazama kwa muda mrefu, bila furaha.

"Kwa hiyo hawezi."

"Hawezi, mama. Na ukimrudisha bila dawa, hatatembea tena."

Picha ikaonyesha kifua kikuu kilichohamia kwenye mifupa ya mgongo. Dawa zake ni za miezi mingi. Habari za kumrudisha Mabamba zikafa, na Esteri akahamia wodini, akizunguka vitanda, akiwachosha wauguzi.

Siku moja bibi mmoja wa Nyakitonto, mkubwa kuliko wote wawili, akaja kuwaona, akasimama akisubiri salamu yake. Evaline akashika chuma cha kitanda ateremke. Esteri akamrudisha kwa mkono mmoja, akapiga goti, akainuka, akapiga tena.

"La kwanza langu," akasema. "La pili la huyu. Lipokee upesi, bibi, sakafu ni ngumu."